Ulinganisho: micro:bit, Arduino au printa ya 3D kwa karakana ya watoto Chake?

Kijana wa Tibirinzi
Assalaam aleikum. Tumepewa chumba cha bure hapa Chake Chake, Pemba, na tuna milioni tatu na nusu za kuanzia. Tunataka karakana ya watoto, waje wabuni na kutengeneza vitu kwa teknolojia, si kuangalia video tu. Kamati imegawika mapande matatu: wa micro:bit, wa Arduino (vyote ni vibao vidogo vya elektroniki unavyovipangia programu), na mfadhili wetu mmoja wa nje kakazana na printa ya 3D, mashine inayochapa vitu vya plastiki vya kushikika. Ijumaa kuna mtu anapanda boti kwenda Dar, nataka nimpe orodha. Kipi bora?

Maalim Hisabati
Waaleikum salaam. Bora kwa nani? Hukusema watoto wa umri gani, wangapi, kompyuta mnazo ngapi, wala nani atasomesha. Na umeme je? Mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, ni yenu au mnavuta kwa jirani?

Mtu wa Darajani
Arduino, bila kuzunguka. Ile asili ya Italia ni ghali, lakini nakala ya Kichina haifiki nusu ya bei na mtoto haoni tofauti. Ile ya kawaida, Uno, ina pini 14 za dijitali na 6 za analogi, yaani sehemu za kufungia waya; unafunga motori, sensa ya maji, unachotaka. Mtoto akijua Uno anaweza kutengeneza kitu cha kweli, kama kengele ya tangi la maji likijaa.

Fundi Redio
Msinunue chochote. Watoto wa Pemba wanatengeneza gari za waya na magurudumu ya malapa tangu sisi wadogo. Motori zimo kwenye deki za DVD zilizokufa, mie dukani nina kapu zima. Betri, swichi, motori, gari inakwenda. Akishajua kwa nini inakwenda, ndio mletee chipu.

Kijana wa Tibirinzi
Watoto miaka minane mpaka kumi na nne. Kompyuta zipo. Umeme upo.

Maalim Hisabati
Zipo ngapi?

Kijana wa Tibirinzi
Laptopu nne, moja haishiki chaji. Watoto walioandikishwa ni ishirini na kitu.

Maalim Hisabati
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kwa watoto wa miaka minane mimi nachukua micro:bit. Uingereza mwaka 2016 waligawa kama milioni moja kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12, na umri huo umo ndani ya wenu. Imo kila kitu juu ya kibao kimoja: taa 25, vitufe viwili, dira, sensa ya kujua kimeinamishwa au kimetikiswa. Toleo la pili lina maikrofoni na spika. Mtoto anapanga vipande vya programu, anapeleka kwenye kibao, anakitikisa, taa zinawaka umbo la moyo. Dakika tano za mwanzo ameshapata kitu. Uno ukiitoa kwenye boksi ina taa ndogo inayopepesa, basi. Kabla ya jengine lolote ushatafuta waya, resista (ya kupunguza umeme) na bredibodi (ubao wa kuchomekea vifaa). Jengine, micro:bit inaendeshwa na betri mbili ndogo, na programu unaipeleka hata kwa simu. Laptopu zenu nne hazitakuwa na foleni.

Mtu wa Darajani
Maalim, ukitoa vile vilivyomo ndani, micro:bit unafunga nini? Inatoa volti 3, vifaa vingi vya mitaani ni vya volti 5. Utanunua kibao cha ziada na bei inarudi pale pale.

Chipukizi
Halafu wewe unayesifu nakala mwambie na habari ya draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta itambue kibao. Nyingi zina chipu ya CH340 ya kuungana na kompyuta kwa USB, kuna kompyuta haziioni mpaka uweke draiva yake, na bila intaneti utaisoma namba. Na chipu kuu ya nakala nyingi imelehemiwa kabisa, mtoto akiiunguza huichomoi ukaweka nyengine. Mie ningeanza na Scratch, programu ya kufundishia watoto kutunga programu, kwenye hizo laptopu. Bure, ukishaipakua haitaki intaneti, na Kiswahili kimo.

Mpemba Ughaibuni
Huyo mfadhili mnayemsema ni mimi. Sikukazana, nilishauri. Taa zinawaka zinazima, mtoto anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa printa anachora kitu chake na anakishika. Kitasa cha redio ya babu kimevunjika, anachapa chengine.

Mama wa Mpendae
Kaka yangu, nikueleze. Kikundi chetu huku Unguja tulinunua printa ya 3D kwa muuzaji mmoja, simtaji, akatuapia kuwa ni kuchomeka tu. Siku ya uzinduzi tukaita wazazi. Mtoto mmoja alikuwa kachora jahazi dogo, zuri, na tanga lake. Printa ikasema kazi itachukua muda wa saa tano. Watoto walikaa kidogo wakiangalia kichwa kinakwenda kinarudi, wakaanza kusukumana, mwisho wote wako nje wanacheza mpira. Wazazi wakanywa soda wakaenda zao. Saa ya nne umeme ukakatika. Uliporudi tukabonyeza iendelee, lakini sahani ya moto ya kuchapia ilishapoa na jahazi limeng'oka, ikawa inamwaga nyuzi hewani. Tukarudia wakati wa masika. Safari hii uzi wa plastiki ulikuwa ushanyonya unyevu, ukipita kwenye tundu ya moto unalia kama kitunguu mafutani, na jahazi likatoka na vinyweleo mwili mzima. Mara tundu ikaziba. Muuzaji kumpigia: "Ileteni Dar." Nauli ya nani? Sasa hivi imefunikwa kitambaa na juu yake tunaweka mafaili.

Mpemba Ughaibuni
Pole, dada. Lakini uzi unawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Na umeme siku hizi si ule. Pemba ina waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, zamani ilikuwa majenereta.

Fundi Redio
Waya wa baharini? Waulize Unguja waya wao ulivyowafanya, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi mitatu giza. Mie nilikuwa Mlandege, jenereta zilipanda bei kila kukicha.

Mtu wa Darajani
Na maji yakakosekana kwa sababu pampu hazina umeme! Tukarudi kwenye visima vya wazee.

Maalim Hisabati
Jamani, watoto. Fundi, hilo la gari za waya nimelipenda, wiki ya kwanza iwe hiyo. Ila kuunga waya kwa lehemu yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, mbele ya mtoto wa miaka minane sikubali.

Fundi Redio
Nimelehemu umri wangu wote, mbona mzima?

Maalim Hisabati
Hao si wewe. Wafunge kwa klipu. Na wewe Kijana, bado hujajibu nani atasomesha.

Mama wa Mpendae
Na saa ngapi? Asubuhi skuli, jioni chuo cha Kurani. Huku kwetu tulipata Alhamisi na Ijumaa tu, chuo kikifungwa.

Kijana wa Tibirinzi
Shukran nyote. Kamati inakaa kesho baada ya Isha. Wengine sasa wanasema tuchanganye, micro:bit kumi na Arduino chache za wakubwa, lakini Mpemba Ughaibuni amenipigia simu na bado anataka printa. Safari ya Dar imesogezwa mpaka Jumatatu. Hizo betri ndogo za micro:bit hapa Chake nani anauza zisizokufa siku mbili?

Fundi Redio
Njoo dukani. Na ulete hiyo laptopu isiyoshika chaji.