Ushauri: Nataka kushona mwenyewe kifuniko cha mvua cha hema la juu ya gari

Tembo_wa_Vuli (Dar)
Wakuu, habari zenu. Hema ni lile la kukunjua, turubai la mchanganyiko wa pamba na poliesta. Likifunguka sakafu ni sm 140 kwa 240, kimo katikati sm 125, na fremu ni ya matao ya alumini. Turubai, zipu na fremu vyote vizima. Kilichokufa ni kifuniko cha juu: utando wa ndani unabanduka magamba, unanata na unanuka. Nina cherehani ya Butterfly ya mguu. Je, kitambaa gani, mita ngapi, nakata vipi, na mishono inazibwa na nini? Fundi wa maturubai ya malori ananishauri PVC nzito, eti haitavuja milele. Safari ni Serengeti na Ngorongoro, masika hayako mbali.

Pindo_Mbili
Kwanza pole. Magamba na kunata maana yake utando wa PU (poliyurethani, plastiki inayopakwa kuzuia maji) umeoza kwa joto na unyevu, na hali ya hewa ya pwani ndiyo inayouozesha upesi, hasa hema likifungwa bichi. Usinunue dawa ya kupulizia. Ile hufanya maji yatiririke juu ya kitambaa, hairudishi utando uliokwisha.

PVC usiiguse. Ya malori huwa kama gramu 650 kwa mita ya mraba. Kifuniko cha mita 10 za mraba kitakuwa na kilo sita na nusu, na ukikunja hema kava la safari halitafunga zipu. Chukua kitambaa cha oksfodi cha poliesta 210D (namba ya unene wa uzi) chenye utando wa PU, kinga ya maji mm 2,000 hadi 3,000, yaani kimo cha maji kinachohimili kabla ya kuvuja. Kazi nzima itakuwa kilo moja na nusu hivi.

Nyumbu_Mkaidi
Mkuu Pindo, nailoni ya silikoni je? Ni nyepesi kuliko hiyo mara mbili au tatu.

Pindo_Mbili
Nyepesi ndiyo, lakini ikilowa inalegea. Unalala kifuniko kimekaza, saa nane usiku kimeshuka kinagusa turubai. Jua letu nalo linaila haraka kuliko poliesta. Kwa anayebeba hema mgongoni nitasema sawa. Hapa gari ndilo linabeba, kupunguza kilo moja hivi hakuna faida.

Bi_Cherehani (Mombasa)
Dukani usiamini lebo. Bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu: hewa ikipita, utando hakuna au ni hafifu. Kisha mimina maji kidogo, yasugue kwa kidole dakika moja, uangalie upande wa pili. Kitambaa cha begi kinafanana sana na hiki kwa macho, ila kingine kimepakwa kiasi cha kusimama tu rafuni. Ukikuta hema la mitumba lenye kifuniko kizima unaweza kulikata, ila nusa kwanza. Likinuka kama lako, liache.

Uzi uwe wa poliesta mtupu, unene wa Tex 40 hadi 60. Wa pamba unaoza. Sindano namba 14 mpya, yenye ncha kali. Urefu wa mshono mm 3 hadi 3.5. Ukishona mm 2 kwa kudhani unaimarisha, matundu yanakaribiana na kitambaa kinachanika papo hapo kwenye mstari.

Pindo_Mbili
Sasa kukata, na kazi yenyewe iko hapa. Kifuniko kinachovuja mara nyingi hakina kosa la kitambaa, kina kosa la umbo: kimelegea, au kimelalia turubai la ndani. Vikigusana, maji yanapita hata kama kitambaa ni kipya.

Mahema mengi ya aina yako matao yako ndani ya turubai, kwa hiyo kifuniko kinalala moja kwa moja juu yake. Nunua ile mipira laini myeusi ya kufunikia mabomba ya kiyoyozi, kipenyo cha nje sm 3 hadi 4, uilaze juu ya kila tao. Ndipo upime. Ukipima bila mipira halafu ukaiweka baadaye, kifuniko kitakuwa kifupi na pembe hazitafika kwenye sakafu.

Usikate kitambaa kwa kukadiria. Tandaza plastiki nyembamba ya ujenzi juu ya hema lililofunguliwa garini, ibane na vibanio, chora kwa kalamu ya wino mzito. Hiyo ndiyo patani yako.

Roli huwa na upana wa sm 150. Ukitoa ukingo wa kiwandani sm 1 kila upande na sm 1.5 za mshono, unabaki na sm 145. Tao lina 140, basi kipande kimoja kinafunika paa lote bila mshono juu ya kichwa chako, na mishono ya pembeni inaangukia sm 2.5 nje ya tao, mahali isipokwaruzwa. Kipande hicho kianze chini kidogo ya sakafu upande wa mbele, kiende juu, kishuke upande wa ngazi kisha kitoke nje kuwa kibaraza, bila kukatwa. Kama mita 5.5. Pembeni unahitaji vipande viwili vya umbo la mwezi, urefu wa mita 2.4 na kina sm 70 kutoka kileleni. Vyote viwili vinatoka sambamba kwenye mita 2.5 za roli. Mita moja ya viraka na majaribio. Jumla 9.

Ule ukingo wa chini wa mwezi usiukate mnyoofu. Ukate ukiingia ndani, sm 6 katikati, na ukingo wa kibaraza sm 4. Ukingo mnyoofu ukivutwa pembeni unapigapiga upepo ukija, uliopinda unakaza wote.

Tembo_wa_Vuli
Aisee, asante. Utando unakaa juu au ndani? Na kingo ya mwezi imepinda wakati paa limenyooka, nitaziunganishaje bila kwenda mrama?

Bi_Cherehani
Ndani, jua na mikwaruzo visiufikie.

Kuunganisha: weka alama katikati ya vyote viwili, halafu kila sm 20 kwenda pande zote. Alama zikutane. Usitumie pini, kila tundu linabaki, tumia vibanio vya karatasi. Usikate vipasuo kwenye mkunjo kama wa shingo ya gauni, kitambaa hiki kinavumilia kupinda kidogo kidogo. Mshono ni ule wa jinzi, wa kukunja mara mbili na kupiga mistari miwili. Cha paa kikilalie cha pembeni kwa juu, mdomo wa mkunjo uangalie chini, kama mabati yanavyopandana. Ukiugeuza, mshono unakuwa mfereji.

Butterfly inaweza kazi hii. Tatizo ni kuteleza: kitambaa cha chini kinakwenda, cha juu kinabaki, mshono unakunjamana. Legeza kidogo mguu mdogo wa chuma unaobana kitambaa chini ya sindano, vuta vyote viwili sawasawa kwa mikono, mbele na nyuma. Kwenye pembe zenye tabaka sita zungusha gurudumu kwa mkono. Jaribu kwenye kiraka kwanza, maana mshono ukifumuliwa matundu hayafutiki.

Kamba_na_Klipu (Nairobi)
Pembe: kiraka cha tabaka mbili, halafu kitanzi cha mkanda wa mm 25 kilichoshonwa mraba wenye X ndani. Zile pete za chuma za kugonga hazifai hapa, zinang'oka na kitambaa chake. Kwenye kitanzi funga kamba ya mpira mm 5 au 6 yenye ndoano, ishikwe chini ya sakafu. Mpira unapokea upepo badala ya mshono kuupokea.

Velkro za kushika mipira na matao zishone kwenye mishono iliyokwisha kuwepo tu. Usitoboe katikati ya paa kwa sababu yoyote ile.

Kibaraza kishuke angalau sm 20 kwa kila mita. Kikilala tambarare kinafanya tumbo la maji, na maji yakishakaa yanapinda fito.

Tembo_wa_Vuli
Na kuziba? Nimeona tepu za kupiga pasi.

Pindo_Mbili
Tepu hazikai vizuri juu ya mshono mnene wa jinzi, zinaacha mapengo pembeni. Tumia gundi ya mishono ya jamii ya urethani, upande wa utando, kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Acha siku nzima ikauke, paka poda isishikane ikikunjwa. Silikoni ya mafundi wa vioo usiitumie, kwenye PU inabanduka. Hiyo ni ya nailoni ya silikoni, ikiyeyushwa kwa white spirit.

Nyumbu_Mkaidi
Kwenye ukingo wa Ngorongoro mpo zaidi ya mita 2,200, usiku ni baridi. Watu wawili wakifunga madirisha yote watalowa kwa mvuke wa pumzi zao na kulaumu kifuniko. Ndiyo maana vile vipande vya mwezi vya pembeni vinaishia sm 70: madirisha yabaki wazi chini yake. Godoro likilowa upande wa chini tu wakati dari ni kavu, huo ni mvuke.

Kamba_na_Klipu
Kabla hujaziba mishono, kunja hema zima kifuniko kikiwa juu na mipira mahali pake, ujaribu kufunga zipu ya kava. Isipofunga, punguza mipira, bakiza ya tao la juu na mawili ya jirani. Baada ya kuziba, mwagia maji kwa bomba dakika ishirini, mtu mwingine akiwa ndani na tochi akipitia mishono mmoja mmoja.