Vyama vya wataalamu wa maabara, maazimio yametuchosha: makabati yanatupulizia hewa usoni

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Leo asubuhi nimebandika kipande cha karatasi ya tishu kwenye mdomo wa kabati la bayosefti, lile la kuzuia vijidudu visitufikie tunapofungua vikopo vya makohozi. Kabati likiwa zima huvuta hewa, tishu inalala kuelekea ndani. Ya kwetu ilining'inia tu, halafu ikapepea ikanigusa koti. Nimerudia mara tatu. Mara tatu!

Stika ya ukaguzi ubavuni inasoma 2021. Kabati hili linatakiwa kupimwa kila mwaka, na kila likihamishwa, maana chujio lake la HEPA, lile linalonasa vijidudu, likitikiswa linaweza kupasuka au kuachia pembeni. La kwetu lilihamishwa chumba wakati wa ukarabati, vijana wanne wakalibeba kama friji. Hakuna aliyekuja kupima.

Mwenzetu mmoja yuko mwezi wa tatu wa dozi ya TB. Sisemi kaipata hapa, hakuna awezaye kuthibitisha. Ila kile kiti cha mbele ya kabati alikuwa anakikalia yeye.

Uongozi wa kituo una lawama zake, lakini leo nasema na chama. Ada nalipa kila mwaka. Vyama vya Kenya, Uganda na Tanzania vilikutana, vikasaini kwamba tutabadilishana wataalamu na kutambuliana vyeti. Nilikuwepo ukumbini, nikapiga makofi. Mwaka jana nikapata fundi mwenye cheti cha kupima makabati haya, yuko Kisumu. Alikuwa tayari kuvuka mpaka wa Sirari, apime la kwetu na ya maabara jirani kwa safari moja, sisi tuchange nauli na malazi. Chama kikajibu: cheti chake hakijatambuliwa huku, subirini kikao. Sasa mlisaini nini siku ile?

Na msiniambie hili ni jambo dogo la kituo kimoja. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg iliibuka Bukoba Vijijini, Maruku na Kanyangereko: waliougua 9, waliokufa 6, mmoja wao mhudumu wa afya. 2024 ikawa Rwanda, waliougua 66, wengi wao wahudumu wa hospitali. Januari 2025 ikarudi Kagera, safari hii Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa walifariki. Meli ya Bukoba inasafiri usiku, asubuhi abiria yuko Mwanza. Akiumwa, damu yake haitufikii imeandikwa Marburg. Inakuja imeandikwa malaria, na anayeifungua ni mimi.

Ninachodai si semina nyingine. Nataka orodha moja ya mafundi wenye vyeti wa nchi zote tatu, na ratiba yao ya kuzunguka maabara za ukanda huu wa ziwa, gharama tugawane. Fundi mmoja akipima makabati sita kwa wiki moja, kila kituo kinalipa kidogo. Hesabu hii niliwapelekea kwa maandishi, sijajibiwa hadi leo.

Wana maabara wa Musoma, Geita, Bukoba, Sengerema: kesho kabla hamjaanza kazi bandikeni tishu, muangalie na tarehe ya stika. Leteni majibu hapa, msitaje kituo. Nitayachapa yote niyapeleke mkutano mkuu, na safari hii sitapiga makofi.