Kompyuta mpakato nyepesi kwa msafiri: nitangulize kigezo gani?

Mkaguzi wa Mikoani:
Habari za kazi, ndugu wadau. Shughuli zangu za ukaguzi wa hesabu hunipeleka mara kwa mara Kigoma, Bujumbura na Kigali, kwa basi na kwa ndege, na kompyuta niliyo nayo inanichosha bega. Natafuta nyepesi itakayomudu majedwali makubwa ya Excel na mikutano ya video, ila nimeonywa kwamba mashine za aina hiyo ni dhaifu na hazitengenezeki. Nitangulize nini?

Fundi Kibodi:
Ndugu Mkaguzi, aliyekuonya amesema nusu ya ukweli. ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo, yenye uzito wa takriban kilo 1.1, imeundwa kwa nyuzi za kaboni na haivunjiki ovyo. Tatizo ni kwamba ramu yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imelehemiwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu, kwa hiyo utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Kwa majedwali yako usikubali chini ya GB 16, hata muuzaji akikuapia. Diski yake hubadilishika. Ya MacBook Air, kompyuta ya Apple, diski nayo imelehemiwa, na madabodi ikiungua, kazi zako ambazo hukuzihifadhi mahali pengine huenda nayo.

Bibi Safari:
Shikamoo Fundi. Naongeza kwamba uzito unaoandikwa kwenye tangazo hauhesabu chaja, na zipo chaja zinazokaribia nusu kilo. Chagua mashine inayochajiwa kwa USB-C, kisha ununue chaja moja ndogo ya wati 65 itakayohudumia na simu. Soketi zetu za pini tatu bapa si rahisi kuzikuta Bujumbura wala Kigali, ambako pini za mviringo ndizo zilizozoeleka, basi adapta isikose mkobani.

Pavabenki nayo ina masharti yake: kwenye ndege hubebwa mkononi, haiwekwi katika mzigo unaokabidhiwa, na mashirika kwa kawaida huruhusu hadi wati-saa 100 bila kibali. Ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74, kwa hiyo haina shida.

Mimi ningechukua MacBook Air yenye chipu ya M1 iliyotoka mwaka 2020, ijapokuwa Fundi ataninunia. Ina kilo 1.29, haina feni ya kuvuta vumbi la barabarani, na chaji yake hudumu.

Fundi Kibodi:
Marahaba, mama. Sininuni, ila Excel ya Mac haina kila kitu kilichomo katika ile ya Windows, na mkaguzi mwenye faili zilizojaa makro, yaani amri za Excel zinazojiendesha, anaweza kukwama mbele ya mteja.

Mkaguzi wa Mikoani:
Nawashukuru nyote. Makro ninazo nyingi, hivyo naelekea kwenye X1 Carbon, lakini mfuko wangu unaruhusu iliyokwishatumika tu. Nikague nini dukani?

Fundi Kibodi:
Fungua dirisha la amri, uandike powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti inayotengenezwa na ulinganishe ujazo ambao betri iliundwa nao na ule inaoupokea sasa. Ikiwa imepoteza theluthi, punguza bei kwa gharama ya betri mpya. Mashine nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni ya ng'ambo, kwa hiyo iwashe upya, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows, na ukidaiwa nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie kompyuta yake. Unganisha pia intaneti ya simu yako na uanze kuiandaa upya papo hapo, maana baadhi hubaki zimesajiliwa kwa kampuni ya zamani na hujifunga zikishapata mtandao.