Naomba ushauri: SSD ya GB 128, Windows niitengee GB ngapi?

Mgebuka:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma: kuchapa, kuprinti, picha za pasipoti, na msimu wa harusi nahariri video. Laptopu yangu ina HDD (diski ya kizamani ya kuzunguka) ya GB 500, inawaka taratibu mpaka mteja anaondoka. Nimenunua SSD (diski ya chipu, ina kasi zaidi) ya GB 128. HDD itahamia kwenye kedi (fremu ya kushikilia diski), pale palipokuwa na DVD. RAM GB 8. Fundi anataka kupiga Windows 11 na kuigawa SSD patisheni (vipande) mbili: C ipate GB 50, zinazobaki ziwe D. Lakini nimesoma Microsoft wenyewe wanataka GB 64. Nani yuko sahihi? Bando lenyewe la kuungaunga, sitaki kurudia kazi.

Reli ya Kati:
Mkuu, hiyo 64 ni ya kuruhusiwa kuingia tu, kuishi humo ni habari nyingine. Windows tupu inakula GB 20 na ushee hadi 30. Bado Office, bado kivinjari na kashe yake. Kinachoua watu ni apdeti kubwa: mafaili mapya yanashuka, ya zamani yanawekwa kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10, kwa hiyo kwa muda una Windows mbili ndani ya C moja. GB 50 itakukaba.

Mimi nisingeigawa kabisa. Yote iwe C, kazi za wateja zikae HDD. Na ukiona imesoma 119 badala ya 128 usimgombeze muuzaji: kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024.

Asali Mbichi:
Napinga. Ukigawa, Windows ikifa unafomati C, D haiguswi. Mimi hapa Tabora nafanya hivyo miaka yote na kazi zinadunda.

Reli ya Kati:
Asali, ungekuwa na hoja kama angekuwa na diski moja. Huyu anazo mbili, HDD ndiyo D yake. Tena diski yenyewe ikifa, patisheni zote zinakwenda nayo.

Kapuku wa IT:
Prosesa jenereshini ya ngapi? Windows 11 inataka Intel ya 8 kwenda juu, na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kama haifiki, Windows 10 nayo iliachwa tangu 14 Oktoba 2025, piga Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Hiyo inaingia hata kwenye GB 20, ingawa wenyewe wanashauri 100.

Mgebuka:
Ya 8, na TPM ipo. Mint sikatai, ila wateja wananiletea kazi za Publisher, na hiyo ni programu ya Windows.

Kapuku wa IT:
Sawa, baki na Windows. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama adimini, andika powercfg /h off, izime haibaneti (kuzima kompyuta huku kazi zilizofunguliwa zimehifadhiwa kwenye diski). Faili la haibaneti huwa kama asilimia 40 ya RAM, utarudishiwa GB 3 hivi. Pagefile.sys (faili la kuisaidia RAM ikijaa) usiiguse, kwa video na RAM ya 8 utalia. Video unayoihariri iweke SSD, ikiisha ihamie HDD. Na uache kama GB 20 wazi, SSD ikijaa pomoni inakuwa nzito.

Reli ya Kati:
Folda ya Downloads nayo ielekeze HDD, maana mafaili ya WhatsApp ya wateja ndiko yanakorundikana. Ila HDD ya zamani ipime kwanza na CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski.

Mgebuka:
Nimepima sasa hivi. Inaonyesha njano, imeandikwa Caution (tahadhari).

Reli ya Kati:
Hapo usiweke kazi ya mtu. Kopi vilivyomo leo leo. SSD kama hujaifungua, mwombe muuzaji akubadilishie kwa ya 256, uongezee hela.

Asali Mbichi:
Na hiyo ya 256 sasa mgawie: C 120, zinazobaki D. Reli hapo sijui atasemaje 😀