Krismasi ya marehemu baba: nifanyeje iwe ya wanangu pia?

Mama Baraka

Habari zenu ndugu zangu. Kuna jambo hunikaa moyoni kila Desemba ikikaribia, naomba mnisaidie mawazo.

Marehemu baba alikuwa fundi seremala. Pango letu la Krismasi, ule mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, alilitengeneza mwenyewe kwa mbao zilizobaki kazini, na sanamu tulizifinyanga naye kwa udongo. Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi, pango lilitolewa, lakini hori ilibaki tupu. Mamajusi hawakuwa hata karibu. Walianzia juu ya kabati la wazazi, na kila jioni mmoja wetu aliwasogeza kidogo, kutoka kabatini hadi dirishani, dirishani hadi mezani, ili wafike pangoni tarehe 6 Januari. Zamu ile tuliigombania!

Usiku wa mkesha baba alizima taa, ikabaki mishumaa. Msomaji alikuwa mdogo kuliko wote miongoni mwa waliokwisha kujua kusoma, na somo halikubadilika: Luka sura ya 2, tangu amri ya Kaisari Augusto. Kila mmoja wetu, mwaka wake wa kwanza, alikwama kwenye jina la Kirenio, liwali wa Shamu. Baba hakukutajia. Alisubiri, na nyumba nzima ikasubiri naye, mpaka ulitamke mwenyewe. Ukifika aya ya 7, wewe msomaji ndiye uliyemlaza Mtoto Yesu horini. Nilikuwa na miaka saba kaka yangu aliponiachia nafasi hiyo, na uzito wa ile sanamu kiganjani naukumbuka hadi leo.

Sasa pango liko kwangu. Wanangu wana miaka 12, 8 na 4. Mwaka jana nilipanga kila kitu kama alivyopanga baba, nikawasomea. Walikaa kimya kwa heshima, kisha wakaomba ruhusa ya kuondoka. Mume wangu hapingi, ila kwao Krismasi ilikuwa ibada asubuhi na wageni kutwa, mambo ya pango hakuyakuta. Sitaki kumlazimisha mtu, lakini inaniuma nikifikiri kwamba haya yataishia kwangu. Majumbani mwenu mnafanyaje?

Mzee Tumaini

Mwanangu Mama Baraka, pole kwa kuondokewa na baba. Hebu soma tena ulichoandika. Kila unachokikumbuka, mkono wako umo: ulifinyanga, ulisogeza, ulisoma, ulimlaza Mtoto.

Hata pango lenyewe lilianza hivyo. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, mtawa Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho yao jinsi Mtoto alivyolazwa. Hakutafuta sanamu. Aliagiza hori yenye nyasi kavu, ng'ombe na punda, watu wakaja usiku na mishumaa na mienge, na yeye akiwa shemasi akaimba Injili. Waliokuja walikuwa sehemu ya habari yenyewe.

Kwa hiyo wa miaka 8 asome, na akikwama kwa Kirenio msubirini. Mdogo apewe mamajusi. Wakipotelea chini ya kiti siku mbili, waacheni, watafika. Mgumu kidogo ni huyo mkubwa, maana umri wake haupendi kupangiwa. Mkabidhi mkesha wote auongoze: taa zizimwe saa ngapi, nani aketi wapi, wimbo gani uanze. Wewe keti, uongozwe.

Dada Neema

Nakubaliana na Mzee, nami nina la kuongeza kwa kuwa nimefundisha watoto wadogo. Huyo wa miaka 4 huenda akikua asikumbuke chochote cha mwaka huu. Wengi wetu hatuna kumbukumbu za kabla ya miaka mitatu hivi, na za miaka inayofuata ni chache. Kinachozishikilia ni kusimuliana baadaye.

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliandaa maswali 20 ya kuona mtoto anaijua familia yake kiasi gani: wazazi walikutana wapi, babu na bibi walikulia wapi, na kadhalika. Watoto waliojua mengi walionekana kujithamini zaidi. Ila Duke mwenyewe alionya kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakumsaidii. La maana ni zile nyakati za kukaa pamoja ambamo habari hizo husimuliwa.

Ndiyo maana nauliza, dada yangu: wanao wanajua kwamba hata mjomba wao alikwama kwa Kirenio? Wanajua babu alikuwa fundi? Na baba yao naye asimulie Krismasi za kwao, kwani hao ni watoto wa pande mbili.

Baba Jo

Kwetu mila za mama tuliziweka zote, bila kupunguza hata moja, zikageuka sheria. Alipofariki tukagombania kinara chake cha mishumaa na nani aongoze sala, na ndugu zangu wawili hawaji tena mkesha. Ushauri wangu: shika lile moja ambalo lisipokuwepo, kwako si Krismasi. Mengine watoto wayabadilishe watakavyo.

Mama Baraka

Shikamoo Mzee. Asanteni sana wote. Baba Jo, nimejiuliza lile moja ni lipi, nikaona ni kumsubiri msomaji kwa Kirenio. Hilo nitalishika. Mkubwa nimemkabidhi mkesha, na tayari ameamua mamajusi waanzie chumbani kwake. Nimempigia mama mkwe, akaniambia kwamba mume wangu alipokuwa mdogo alisimama mlangoni akimwimbia kila mgeni ubeti mmoja. Miaka yote hii hajaniambia! Nimemwomba bibi aje awasimulie wajukuu.

Sanamu za baba zimemeguka, nataka kila mtoto afinyange moja mpya. Udongo usiochomwa tunauzuiaje usipasuke?

Mzee Tumaini

Marahaba mwanangu. Ukandeni vizuri hewa itoke. Sanamu ziwe ndogo na unene uwe sawa, kwa sababu sehemu nyembamba hutangulia kukauka ndipo nyufa huanza. Mnapounga kichwa au mkono, kwaruzeni pande zote mbili, pakeni udongo uliolainishwa kwa maji mpaka ukawa kama uji, kisha gandamizeni. Zikaushieni kivulini, siku za mwanzo zikiwa zimefunikwa kitambaa, msizianike juani. Kwa kuwa hazichomwi, zikilowa zitalainika, basi zitunzeni pakavu. Na anzeni mapema, kabla ya Majilio.