Bati langu halitaki kugeuka: nifanyeje viini vitokee kwenye modeli?

Mwana_Isingiro
Habari zenu wakuu. Nasoma uzamili hapa Kampala, ila kwetu ni Isingiro, upande wa Kikagati, kunakochimbwa bati tangu enzi za Waingereza. Nasema bati lenyewe, si mabati ya paa. Nimekua nikiona ule mchanga mweusi ukibaki chini ya karai baada ya kuoshwa, mzito kuliko unavyodhani mpaka uunyanyue. Ndiyo maana nikachagua bati kwa tasnifu yangu.

Chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, bati jeupe, lile la kawaida linalong'aa, hupaswa kugeuka kuwa la kijivu, ambalo hubomoka kuwa unga. Nimeandika programu ya fezi-fildi, yaani hesabu ya kompyuta inayofuata jinsi hali moja ya maada inavyoenea ndani ya nyingine: fuwele safi, isiyo na ukingo upande wowote, nyuzi 30 chini ya sifuri. Imekimbia wiki tatu bila kiini hata kimoja, yaani kile kipande kidogo cha kwanza cha kijivu ambacho badiliko huanzia. Rafiki akanishauri nizidishe mara ishirini mtikisiko wa nasibu, yaani ile misukosuko midogo ambayo programu huongeza kuiga joto. Vikatokea viini kibao, na mchoro unapendeza kweli. Msimamizi anataka matokeo mwezi huu. Niuweke?

Mwalimu_Fuwele
Pole mdogo wangu, lakini usiuweke. Kiasi cha mtikisiko ule kinatokana na halijoto. Ukiuzidisha, umelipasha bati moto kimyakimya huku maelezo yakisema lina baridi.

Programu yako haijakosea. Shika daftari. Bati jeupe likiwa la kijivu, ujazo hupanda takriban 27%, yaani karibu 8% kila upande. Kiini kikizaliwa katikati ya fuwele hubanwa na majirani pande zote, na gharama ya kubanwa huko ni kama megajuli 480 kwa kila meta ya ujazo. Faida ya nishati ya kugeuka kwenye −30? Kama 18 tu. Fomula ya kuzaliwa kwa viini ya Volmer na Weber ya 1926, ambayo Becker na Döring waliiendeleza mwaka 1935, ilihusu matone ndani ya mvuke, na tone halina jirani wa kulibana. Kwenye yabisi lazima utoe gharama hiyo kwenye faida. Ukitoa hapa unabaki na deni, kwa hiyo hakuna ukubwa wa kiini utakaokuvusha. Hata ukisahau kubanwa, kilima cha nishati ambacho kiini lazima kikivuke bado ni maelfu ya mara ya nishati ya joto. Wiki tatu si kitu, hata miaka elfu.

Fundi_Redio_Kabale
Samahani wasomi, niulize. Huku kwetu usiku hushuka chini ya 13. Mbona sehemu nilizochomelea kwenye redio hazijawahi kuwa unga?

Mwalimu_Fuwele
Swali zuri sana, fundi. Waya wako wa kuchomelea kwa kawaida umechanganywa na madini ya risasi, na risasi huzuia badiliko hili. Bismuthi na antimoni pia. Halafu karibu na 13 faida ni ndogo mno. Kasi hupatikana huko chini, kwenye −30 hivi.

Nnalongo_Simulesheni
Mwana, kosa lako ni kuuliza viini vitokee *lini*. Uliza vinatokea *wapi*. Weka uso ulio wazi, weka ufa au mkwaruzo, mahali ambapo kiini kinaweza kuvimba kuelekea nje. Kisha pandikiza mbegu. Maabara hutumia chembe za misombo ya indiamu antimonaidi au kadimiamu teluraidi, kwa sababu fuwele zake zina mpangilio ule ule wa bati la kijivu na vipimo vinavyokaribiana mno. Kwenye programu, chora tu kipande cha kijivu kwenye ufa, rudia mara nyingi kwa namba tofauti za nasibu, uhesabu ni mara ngapi kinakua na ni mara ngapi kinasinyaa. Kikifika nusu kwa nusu, hicho ndicho kiini kizingiti, na hicho ndicho cha kumpelekea msimamizi. Ukipata bati safi na punje ya mbegu, ikandamize juu yake uiache kwenye friza. Ni taratibu, lakini utaona doa la kijivu linavyotambaa na kuinua uso kama kipele.

Mwana_Isingiro
Asanteni sana, mwalimu na Nnalongo. Ule mchoro nimeufuta, na hesabu ya daftari nimempelekea msimamizi jana; ameniongezea wiki mbili. Nimefungua uso wa juu na kuweka mbegu kwenye ufa. Kati ya mara 20, imekua mara 7, imesinyaa 13. Usiku huu naipanua kidogo.