Zanzibar ya kwenye muvi iko wapi? Mimi niko Fuoni mwezi wa nne huu

Msukuma_Visiwani:
Wakuu habari zenu. Nimetokea Mwanza, nimehamishiwa huku kikazi. Kabla ya kuja Zanzibar yangu yote ilikuwa ya kwenye muvi na video za bongofleva, yaani mlango wa misumari ya shaba, kichochoro, paka, mzee wa kanzu barazani, halafu kamera inapaa juu bahari ya buluu, kwisha. Nimeshuka bandarini pale Malindi nikasema ndo penyewe, kumbe jamaa wa ofisini kanipakia kwenye gari tunakwenda tunakwenda, misumari ya shaba hata mmoja, ni nyumba za matofali, mabati, mafundi pikipiki na tope, kama niko Igoma vile. Dukani naomba nyanya muuzaji ananiuliza "tungule?" nikabaki nimeduwaa. Hivi kuna filamu inayoonyesha huku ninakoishi au nimeletwa kisiwa kingine?

Mtoto_wa_Michenzani:
Hahaha karibu kaka, hujapotea. Tatizo wapiga picha hawavuki Darajani. Zamani pale palikuwa na mkono wa bahari unautenga Mji Mkongwe na huku kwetu, ndo maana tukaitwa Ng'ambo, maji yakafukiwa barabara ikapita lakini kamera mpaka leo zinaona kama bado kuna maji. Mie nimezaliwa kwenye yale majumba marefu ya Michenzani, yalojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu wanaanika nguo madirishani, wanapandisha ndoo za maji ngazi kwa ngazi, umeyaona kwenye muvi gani?
Na mie nishawahi kuchezeshwa, kukaa kwa nyuma tu, picha ya wageni, jina siitaji. Nimekwenda na jinzi na jezi ya mpira nikavuliwa nikavishwa kanzu, kaa hapo barazani, shika kikombe, usiseme kitu. Vespa ya jirani ikasukumwa ikafichwa, dishi la king'amuzi likafunikwa gunia, viti vya plastiki vyote ndani. Kutwa nzima nakunywa kikombe kitupu yakhe.

Kaka_wa_Bububu:
Ukitaka filamu ambayo watu wanazungumza Kiswahili cha huku tafuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ila ile ni enzi za mkoloni miaka ya hamsini kwa hiyo Fuoni yako usiitegemee.
Mie mbara mwenzio, mwaka wa kumi na moja huu. Na ile bahari nayo wanaichagua saa. Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka, unatembea kwa miguu mbali huko, akina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani jua la utosi. Kamera inasubiri maji yajae ndo inawashwa.
Ramadhani ndo kabisa hakuna anayekuonyesha. Mwaka wangu wa kwanza nimetoka saa saba mchana na chupa ya maji natembea nakunywa zangu, bi mmoja mtu mzima akaniita pembeni, polepole tu, "mwanangu, ingia ndani unywe". Nikaona aibu nikajua ameshaniweka kwenye daftari lake. Magharibi mtoto wake anagonga mlango na sinia, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga.

Binti_Wete:
Nyie Unguja angalau mnaonekana. Pemba ikitajwa kwenye muvi ujue kuna mtu anakwenda kurogwa au kutolewa jini, basi. Mume wangu Mnyakyusa, alipopangiwa skuli Wete mama yake alilia kama anapeleka mtoto vitani. Kafika msimu wa karafuu, jini hajaliona, kaona majamvi yameanikwa karafuu kando ya barabara, harufu mpaka kwenye mto wa kulalia, wingu likitanda kila mtu anakimbia kuanua, usiku tumekaa ukumbini tunachambua makonyo, yaani kutoa karafuu kwenye vikonyo vyake, na yeye kakaa na wifi zake vidole vimekuwa vyeusi. Kama kuna jini alokutana nalo ni meli kipindi cha upepo wa kusi, katapika kutoka mkondo mkubwa mpaka gati ya Mkoani. Hiyo igizeni.

Msukuma_Visiwani:
Shukrani wakubwa zangu. Leo nimekwenda dukani nimesema mwenyewe "nipe tungule za elfu moja na boflo" (boflo ndo mkate huku), muuzaji kacheka mpaka kaniongeza mbili. Mtoto wa Michenzani, hiyo muvi yako naipata wapi nikuone na kanzu?

Mtoto_wa_Michenzani:
Usijisumbue kaka. Wamenikata, umebaki mkono na kikombe.